Kiraka kwenye Bawa la Pagazi

Isevya, Tabora
9 Aprili 2024

Babu yangu,

Shikamoo, mume wangu wa Usoke. Mvua huku imekata ghafla na mwenye nyumba ameanza tena kufunga bomba mchana. Kikohozi changu kimepona kwa ile asali uliyompa mchuuzi wetu Zuwena aniletee, ingawa nadhani aliionja njiani, maana chupa ilifika imepungua mabegani. Msalimie Bibi. Mwambie kitenge chake nimekiona dukani na bado hakijanunuliwa.

Ningependa haya nikuambie kwa mdomo, lakini simu huitaki. Ulishasema masikio hayasikii na herufi zake ni kama chawa. Basi naandika, na nimefunga mlango.

Ofisi yetu imeunda Kamati ya Mnara. Ndege ya kivita ya zamani itasimamishwa kwenye kipilefti kipya, na Siku ya Mashujaa mgeni rasmi ataizindua. Mkuu wangu, Bwana Valentino, amenipa mimi kazi ya kuandika historia ya ndege hiyo na rubani wake. Itasomwa hadharani, kisha ufupisho wake utachongwa kwenye kibao.

Ndege imefika juu ya trela, mabawa yamelazwa pembeni kama milango iliyong'olewa. Nilikwenda kuitazama. Chini ya chumba cha rubani, nyuma ya vumbi, nikaona neno limeandikwa kwa mkono: PAGAZI. Babu, nilipokuwa mdogo uliniambia ndege yako iliitwa Pagazi. Nikabaki nimeshika kalamu kama mtu aliyesahau jina lake.

Maelezo niliyopewa na mkuu yanasema rubani, Luteni Gerson Lugembe, alipigwa na adui katika Vita vya Kagera, akaitua ndege akiwa na majeraha, akafia kitini kabla hawajafungua kifuniko.

Wewe, Babu. Umekufa kitini.

Hapa kazini hakuna anayejua kwamba mimi ni mtoto wa binti yako. Mkataba wangu ni wa muda na unakwisha Julai. Mkuu hupenda kusema, "Karani mzuri ni kama bomba. Maji yanapita, bomba halionji." Naogopa. Lakini ukinieleza siku ile ilikuwaje, nitakwenda kumwambia.

Mjukuu wako,
Asnath


Usoke, Urambo
23 Aprili 2024

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anashinda akichambua tumbaku na kunilaumu kwa moshi wa bani la kukaushia tumbaku, kana kwamba bani nililijenga ili limuudhi. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Zuwena anaapa hakuonja. Mimi namwamini kama ninavyoamini mizani ya tumbaku.

Umeuliza habari za ndege. Nitakueleza.

Ilikuja kutoka China ndani ya masanduku ya mbao, imekatwakatwa kama ng'ombe wa harusi. Mafundi wakaiunganisha. Fundi wangu alikuwa Mabruki, Mzaramo wa Kisarawe. Alipoambiwa rubani ni Mnyamwezi alichovya brashi kwenye rangi akaandika neno lile, akasema, "Babu zako walishusha pembe pwani vichwani mwao, wewe utapandisha mabomu tumboni. Mpagazi ni mpagazi tu, hata angani." Nikamjibu, "Na babu zako walikaa kivulini wakila nazi, wakingoja babu zangu wapite wawaibie shanga." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tangu enzi za misafara Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi.

Ilikuwa ndege ngumu. Ilivuta kushoto. Ukiilegezea mkono inakwenda kushoto kama ng'ombe anayejua zizi. Mabruki alihangaika nayo kila jioni, na kila asubuhi ilivuta kushoto vilevile. Niliipenda. Kabla ya vita tuliruka mazoezi, watu wakatoka mashambani kutupungia. Vita vilipoanza tulipelekwa kanda ya ziwa, tukapewa kazi, tukaifanya. Ilikwenda na ikarudi mara nyingi kuliko ndege nyingine pale.

Kuhusu siku ya mwisho, acha ilivyoandikwa. Rubani wa ndege ile alikufa.

Mahindi yamekauka vizuri mwaka huu.

Babu yako,
Gerson


Isevya, Tabora
19 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ndama. Bibi ameniagizia dawa ya macho, imo ndani ya mfuko huu pamoja na sukari.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Mtu aliyekufa anaandika mwandiko mzuri hivyo?

Nilijaribu. Nilingoja mkuu amalize chai, nikamwambia, "Mkuu, labda rubani huyu yu hai."

"Yu hai wapi?"

"Nasema labda."

Akaweka kikombe chini. "Asnath, mtu hai ana maneno. Leo atataka kiti cha mbele, kesho atataka matibabu, keshokutwa atasimama aseme haikuwa hivyo. Aliyekufa ametulia. Umewahi kuona mnara wa mtu anayekwenda sokoni kununua dagaa?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, Babu. Nilijisikia nikicheka.

Lakini kuna jambo jingine. Mabruki wako yuko hapa hapa Isevya! Alimfuata mke, mke akafa, yeye akabaki. Anatengeneza baiskeli karibu na soko. Nilimkuta kwenye ndege akibishana na mlinzi. "Wewe unailinda leo," anamwambia, "mimi nimeiosha makalio miaka yote, unanifukuza nini?" Nilipomwambia mimi ni mjukuu wako na kwamba uko hai, alilia. Kisha akakutukana kwa muda mrefu, nami nikaelewa kwamba anakupenda.

Kwenye bawa la kulia kuna kiraka cha bati, kikubwa kama sinia. Kamati imeamuru kizungushiwe duara jekundu ili watu waone risasi ya adui ilipopita. Mabruki aliweka kiganja juu ya kiraka akasema, "Hiki nilikipigilia mimi. Muulize babu yako risasi ilitoka wapi." Nikambana aniambie yeye. Akakataa. Alisema mwenye msiba ndiye hutoa kauli kwanza.

Basi nakuuliza. Ilitoka wapi?

Asnath


Usoke
9 Juni 2024

Mke wangu,

Marahaba. Tumbaku imenunuliwa kwa bei ya kutukana. Dawa ya macho inamsaidia bibi yako. Sasa anaona kila jani nililolichambua vibaya.

Mwambie Mabruki kwamba Mzaramo hata akizeeka mdomo wake hauoti mvi. Nami nimefurahi yu hai.

Usiniulize tena ulichouliza. Mimi niliwahi kuuliza. Nilipotolewa ndani ya Pagazi masikio yalikuwa yanavuja damu, nikauliza swali moja kwa sauti kubwa, maana sikuweza kuisikia sauti yangu mwenyewe. Kesho yake nikaliuliza tena mbele ya wakubwa. Nikaletewa karatasi iliyokuwa na jibu tayari, nikakataa kutia sahihi. Nikarudishwa nyumbani kwa treni ya kawaida, bila gwaride, bila nishani, na bila masikio. Sasa wewe unataka kuuliza, na mkataba wako unakwisha Julai. Kaa kimya ule.

Waache waniue. Kufa kwenye kibao hakuumi. Nimekaa sana hapa watu wakiniita Mzee Kiziwi. Tofauti ni ndogo.

Na kuna sababu nyingine. Zuwena amemweleza bibi yako habari za ndege, naye akaniuliza kama ni ile ya Dionis. Nimemwambia ni ya namna ileile. Wewe unalijua jina la Dionis, lakini hujawahi kuambiwa vizuri. Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na rubani mwenzangu. Siku ile tuliruka wawili. Yeye aliangukia ziwani na hana kaburi. Bibi yako amelala na neno moja tangu usichana wake: adui. Neno hilo ndilo mto wake wa kichwa. Mtu mzee hanyang'anywi mto.

Andika walivyotaka.

Gerson


Isevya, Tabora
30 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Usiku kuna baridi ya kipupwe na nimenunua blanketi la mtumba linalonuka dawa ya mende. Vinginevyo ni mzima.

Nimefanya ulivyosema. Niliisoma historia mbele ya Kamati, wakapiga makofi pale unapokufa. Bwana Valentino akasema mkono wangu ni mwepesi.

Halafu akaniuliza ghafla, "Ameacha mjane?"

Babu, mimi sijui kudanganya haraka. Nikipewa siku moja naweza. Nilisema nimesikia yupo, Usoke. Wakafurahi kama watu waliookota. Sasa wanataka mjane aweke shada la maua mbele ya mgeni rasmi. Nilimtuma Zuwena kwa Bibi, nikiwa na hakika atakataa. Zuwena anasema Bibi alicheka mpaka akakohoa: "Wamemwua mume wangu bila hata kuniuliza?" Kisha akasema atakuja. "Wasome jina lolote watakalo. Maua nitakuwa naweka ya Dionis." Atakuja mapema kwangu ili ashonewe gauni. Kama hutaki, mzuie huko huko. Mimi huku siwezi tena.

Mabruki aliposikia kwamba kibao kinakuua, alicheka akishikilia gurudumu la baiskeli ya mteja. "Basi kuna msiba wa Mnyamwezi na mtani hajaitwa! Nitakuja kumzika mwenyewe, na kuku wangu nitadai." Nadhani ni mzaha. Au kweli mtani anaweza kuja kwenye sherehe ya serikali?

Mkuu amesema habari ya mkataba wangu itatazamwa baada ya sherehe.

Asnath


Usoke
22 Julai 2024

Asnath,

Leo sisalimii. Barua yako ya mwisho wa Juni nimeipata jana, imegandana na nta chini ya kikapu cha Zuwena, naye ameomba radhi huku akilia. Bibi yako yuko kwako tayari. Mimi nilimruhusu nikijua ni maua tu.

Usimruhusu Mabruki kufika pale bibi yako akiwepo. Mtani akija msibani husema lolote, na hakuna wa kumnyamazisha. Yeye anajua bibi yako Eustadia ni mke wangu. Hajui kwamba ni dada wa Dionis; nilimwoa baada ya vita, Mabruki hakuwepo.

Ile mizinga iliyotupiga ilikuwa yetu. Tulikuwa tunarudi nyumbani, na vijana waliokuwa chini kwenye mizinga hawakuambiwa. Bibi yako hajui.

Ningeweza kumwomba kijana wa dukani akutumie ujumbe kwa simu yake, lakini maneno haya kesho yangekuwa kisimani. Nimempa Zuwena barua mkononi, anapanda treni ya leo. Usiku utakuwa nayo.

Gerson


Isevya, Tabora
28 Julai 2024

Babu,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeipata ishirini na sita. Injini iliharibika porini, treni ikalala njiani siku tatu. Zuwena alitembea sehemu ya mwisho na viatu mkononi. Sherehe ilikuwa ishirini na tano.

Nitakueleza kama karani, kwa mpangilio, maana nikieleza vingine sitamaliza.

Bibi alikaa mstari wa mbele chini ya turubai, amevaa gauni la kitenge kile alichokitaka. Mkononi alikuwa na shada. Nilisoma historia. Nilipomaliza, mgeni rasmi aliinuka kuvuta kitambaa, na hapo hapo tukasikia ukelele.

Mabruki alitoka nyuma ya umati amevaa ovaroli la zamani, kichwani kibuyu kilichokatwa kama kofia ya rubani. Alinyoosha mikono kama mabawa, akakimbia akiinamia kushoto, akizunguka, akigonga watu. Watu walianza kucheka. Akapita chini ya ndege, akalala chali kama maiti.

"Sitoki! Mnyamwezi hazikwi bure! Nipeni kuku wangu!"

Walinzi wakamfuata. Mgeni rasmi akawazuia kwa mkono. "Mwacheni, huyo ni mtani. Mtamtoaje mtani msibani?" Akatoa noti, akampelekea mwenyewe. Mabruki akaikunja, akaitia kibuyuni. "Hii ya soda. Kuku nitamfuata kwa marehemu, Usoke." Watu wakaangua kicheko, walidhani hata hilo ni mzaha.

Kisha akamgeukia Bibi. "Mjane, futa machozi. Nimekurithi. Ila sharti ujifunze kupikia nazi."

Bibi alicheka, Babu. Akamjibu kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Mzaramo gani amewahi kulisha mke? Kalale!" Turubai zima likapiga makofi. Nikawaza, kumbe itakuwa siku njema.

Mabruki akasimama chini ya bawa, akagonga lile duara jekundu. "Na hapa wamechora, wakasema adui. Adui! Adui gani aliyekuwa akila maharage kwenye jiko letu? Tulimpiga wenyewe! Tukampiga na mwenzake, mwenzake akazama na ndege yake, halafu tukalia kuliko mama zao. Sisi hodari bwana! Mkono huu unafyatua, mkono huu unafuta kamasi!"

Hakuna aliyeshtuka. Nilitazama nyuso zote. Walicheka zaidi ya mwanzo. Mgeni rasmi alitoa leso akafuta macho, Bwana Valentino akapiga goti lake.

Bibi peke yake hakucheka. Tabasamu lilibaki usoni, lakini nyuma yake hakukuwa na mtu. Akaninong'oneza, "Mwenzake nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ni utani tu, Bibi."

Akaitwa: mjane wa shujaa. Akainuka. Meza ya maua ilikuwa mbele ya kibao. Aliipita. Akaenda mpaka chini ya bawa, akaweka shada juu ya mchanga, chini ya kiraka, akabaki ameinama mpaka mshereheshaji akakosa la kusema. Aliporudi alimwuliza Mabruki kitu kimoja, taratibu; nilisikia jina la Dionis tu. Nilimwona Mabruki akivua kibuyu. Alikaa chini tu, mzee yule, kwenye mchanga, mbele ya wakubwa.

Bibi hakula jioni ile. Asubuhi aliondoka na basi la kwanza bila kuniamsha. Gauni ameliacha limekunjwa juu ya kitanda changu.

Jana mkuu aliniita. "Asnath, mkataba wako umeongezwa. Mgeni rasmi amesifu sana. Umejua kuandaa mpaka burudani."

Nikasema asante, mkuu.

Asnath


Usoke
18 Agosti 2024

Asnath,

Marahaba. Katika barua yako hukuniamkia, lakini naitikia zile za zamani, zipo nyingi.

Tumeanza kutengeneza kitalu cha tumbaku. Ndama ameacha kunyonya. Bibi yako alifika salama.

Wewe unajua mimi nasikia kwa macho. Tangu nilipomwoa, bibi yako amekuwa akizungumza nami ana kwa ana, akifungua midomo vizuri, hata akinigombeza. Wageni walikuwa wakishangaa: Mzee Kiziwi anajibu kila neno. Sikuwa kiziwi nyumbani mwangu.

Tangu arudi, bado anazungumza nami. Anazungumza sana kuliko zamani. Lakini anazungumza akiwa amegeukia moto, au ukuta, au mlango. Naona bega lake likipanda na kushuka, naona mkono ukieleza jambo. Nikizunguka ili niuone uso, naye anazunguka. Huenda ananiuliza. Huenda ananitukana. Huenda hazungumzi na mimi kabisa, anazungumza na Dionis. Chakula analeta, cha moto, kina chumvi ya kutosha. Anakiweka mbele ya kiti changu kama mtu anayetengeneza kaburi, na anaondoka.

Nilimwandikia kwa mkaa, sakafuni, kwa herufi kubwa. Alifagia.

Usijilaumu kwa kunena kwamba ni utani. Mimi nilimwambia adui, na nilikuwa na maisha mazima ya kusahihisha. Kibao chao msikiguse. Nilikuwa nakicheka. Sasa nimekaa kitini, watu wanapita, na ninaona kwamba mkono wako ni mwepesi kweli. Uliandika mapema kidogo tu.

Kula mshahara wako. Usimletee bibi yako gauni lile.

Mwambie Mabruki sina kinyongo naye, alifanya kazi ya mtani. Kuku wake nimemfunga mguu hapa uani. Aje amchukue.

Gerson